Mlingoti wa Mama Kamba

Nitaanza na shemeji yangu, maana bila upumbavu wake nisingekuwa na la kusimulia. Ni mume wa mdogo wangu, anayenifuata tumbo moja. Kule shambani wafanyakazi walimwita Sentimita Mbili, mwanzoni kwa siri, baadaye waziwazi, kwa sababu mwenyewe alidhani ni sifa. Ukimsalimu atakujibu salama, kisha atakuuliza kama unajua kwamba trekta lake linaongozwa na setelaiti, linajiendesha lenyewe shambani, na halikosei mstari zaidi ya sentimita mbili. Ukimpa pole ya msiba, ni hivyo hivyo. Nimewahi kumwona akimweleza habari hizo nesi aliyekuwa amemshikia sindano.

Haya nayasema mimi niliyekuwapo. Mdogo wangu naye yu hai, mnaweza kwenda kumuuliza, ingawa sidhani kama atawajibu.

Nilifika kwao asubuhi moja ya kawaida kabisa, na begi langu la nguo na cherehani yangu ndogo ya mkono. Mimi ni mshonaji, siwezi kukaa mahali wiki nzima bila kushona kitu. Nilikuwa nimekwenda kumuuguza mdogo wangu. Mimba tatu zilikuwa zimeharibika kabla ya hii, na hii ilipokaribia kufika mwisho, daktari alimwambia alale. Asifue, asipike, asitoke hata uani, na asithubutu kupanda gari kwenye ile barabara yao ya mashimo mpaka siku yenyewe. Kwa hiyo mdogo wangu alilala kwenye chumba cha mwisho cha nyumba, kitanda kikiwa ubavuni mwa dirisha, na kazi yake ikawa kutazama nje.

Nje palikuwa na ua, kamba ya kuanikia nguo, uzio wa waya, halafu shamba. Ndege walikuwa wanalia, shuka zilikuwa zinakauka, na trekta lilikuwa mbali huko likienda na kurudi, likipanda mahindi. Mwisho wa shamba pana kilima kidogo, na juu yake niliona mlingoti mrefu wa chuma unaong'aa, kichwani una kitu cheupe mfano wa bakuli lililofunikwa.

"Kile ni nini kule?" nilimuuliza.

Mdogo wangu alilaza mkono tumboni.

"Dada," alisema, "umesahau pale alipolala mama?"

Mama aliyemtaja ni mama mkwe wake, mama mzazi wa Sentimita Mbili. Watu walimwita Mama Kamba. Shamba lile lote alilifyeka yeye, mjane mwenye watoto wawili, na alilipanda kwa mkono kwa kuvuta kamba kati ya vigingi viwili vya mti, anapiga magoti, anafukia mbegu, anasogeza kamba, anarudi tena. Ukikanyaga kamba yake utayasikia ya kusikia. Mistari yake ilinyooka kuliko mshono wangu, na mimi si mtu wa kusifu kazi ya mwenzangu ovyo.

Alipougua, mwanawe alikuwa kwenye maonyesho ya mashine, huku na huko, anakusanya vipeperushi. Aliyemwogesha na kumgeuza kitandani ni mdogo wangu. Siku za mwisho Mama Kamba alimshika mkono akamwambia mambo mawili. La kwanza, azikwe pale kilimani, miguu ielekee nyumbani, ili akiinuka asipate taabu ya kugeuka. La pili alilisema polepole sana.

"Ukimpata mtoto, nitakuja kumwona. Msinifungie mlango."

Mdogo wangu alimwahidi. Sentimita Mbili naye alirudi kwenye mazishi, akalia kwa sauti kuliko wote, akamwagia kaburi bamba la zege nene kupita kiasi ili waombolezaji waone.

Sasa sikilizeni alichokifanya. Trekta la namna ile haliwezi kutegemea setelaiti peke yake, kwa sababu setelaiti ikiachwa hivi hivi inakosea hatua kadhaa. Panatakiwa mlingoti wenye antena usimamishwe mahali pamoja panapojulikana, nao kazi yake ni kulisahihisha trekta dakika zote. Vijana wa kampuni iliyomuuzia walimwambia ajenge nguzo ya zege, ichimbiwe chini sana, iachwe ikauke vizuri. Shemeji yangu ni mkono wa birika. Akatazama huku na huku, akanyoosha kidole kilimani.

"Zege si lile pale?"

Dereva wa trekta alikuwapo, ndiye aliyenisimulia. Anasema kijana mmoja aliona haya, akauliza kwa sauti ya chini, "Bosi, lile si kaburi?"

"Ndiyo," akajibu Sentimita Mbili. "Wewe umewahi kuona kaburi limehama?"

Akacheka sana. Wakalitoboa bamba kwa mashine, matundu manne, wakakaza mlingoti kwa bolti nne juu ya kifua cha mwanamke aliyemzaa. Kabla ya kuondoka yule kijana aliacha onyo moja. Mlingoti usisogee. Ukisogea hatua moja, trekta nalo litasogea hatua moja upande uleule, na kwenye kioo cha ramani kila kitu kitaonekana kiko sawasawa.

Mchana tulipokaa kula nilimwambia. Mimi sina dogo.

"Shemeji, umemtoboa mama yako."

"Nimetoboa zege, shemeji. Mama yuko chini kabisa."

"Na angekuwa mama yangu je?"

"Ungekuwa na kituo imara kuliko wote katika eneo hili," alisema, akacheka peke yake, akaongeza mchuzi. Nilimtazama akitafuna, nikajiuliza mdogo wangu alimpendea nini.

Siku iliyofuata dereva alikuja mlango wa jikoni kuomba maji. Ni mtu mzima, mpole, hanywi pombe, hasemi sana. Alikunywa, akarudisha kikombe, lakini hakuondoka.

"Dada, hebu njoo uone kitu."

Tulikwenda hadi shambani. Pale alipoishia kupanda jana yake na pale alipoanzia leo palikuwa na pengo. Ardhi tupu, ndefu, kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho, upana wa kutosha mtu kujilaza. Trekta lilikuwa linapanda likija upande wa nyumba, na mstari wa leo ulitakiwa kubanana na wa jana. Aliitwa bosi. Bosi alikuja na kioo chake cha mkononi, kile chenye ramani ya shamba, akakitazama, na kiooni hapakuwa na pengo lolote. Mistari yote ilikuwa imepangana vizuri, imepakwa rangi ya kijani.

"Hakuna pengo," alisema.

"Bosi, umelikanyaga," dereva akamwambia.

Akatazama miguu yake. Akatazama kioo. Akamwambia dereva aache kulewa kazini.

Niliporudi chumbani mdogo wangu alikuwa ameegemea mto, anatazama nje.

"Mlingoti umesogea," alisema, kama mtu anayesema mvua inakuja.

Nilimwambia ni macho, ni kulala sana. Lakini nilichukua chaki yangu ya kukatia nguo, nikakaa kwenye kigoda mbele ya dirisha, nikaweka alama kwenye kioo cha dirisha pale ilipofika ncha ya mlingoti. Kesho yake asubuhi, baada ya chai, nilikaa kwenye kigoda kilekile, mahali palepale. Mlingoti haukwenda kushoto wala kulia. Ulikuwa umerefuka. Ncha yake ilikuwa imeipita alama yangu kwa urefu wa kidole.

Nilikaa pale na chaki mkononi. Kitu kinachoonekana kirefu zaidi kuliko jana, na hakijaongezwa, kimekaribia.

Nilimchukua dereva tukaenda. Umande ulikuwa bado haujakauka. Bamba la zege halikuwa tena juu ya kilima. Lilikuwa chini ya mteremko, limelala vizuri, mlingoti wima juu yake, bolti zimekaza. Tulitafuta alama za kuburuzwa. Hazikuwapo. Nyasi zilisimama wima pande zote, hata nyuma yake, na umande wake juu. Tulipanda hadi pale lilipokuwa mwanzo. Palikuwa na nyasi tu, nzito, za siku nyingi. Hapakuonekana dalili kwamba paliwahi kulazwa kitu.

Dereva alinitazama. Niliinama nikaweka kiganja kwenye zege. Asubuhi ile ya baridi lilikuwa na joto.

Joto la mwili.

Niliondoa mkono wangu upesi nikaufuta kwenye gauni.

Nikamleta shemeji, nikamsimamisha mbele ya bamba. Unajua alifanya nini? Alifungua kioo chake. Alitafuta alama ya mlingoti kwenye ramani, akaikuta kilimani, palepale siku zote, inawaka kijani.

"Haujasogea," alisema. "Hapa panaonyesha."

Alikuwa amesimama mbele ya mama yake na anamtafuta kwenye kioo. Nimekutana na wajinga wengi maishani, wengine nimewashonea suti za harusi, lakini yule aliwapita wote.

Siku hiyo hiyo trekta lilivunja uzio. Dereva alisema aliona waya unakuja, akashika usukani avute, na usukani ukakataa. Haukukwama. Ulimpinga. Ulimrudisha mikono taratibu, kama mzazi anavyomwondolea mtoto mkono kwenye kisu. Trekta likapita juu ya nguzo za uzio, likapanda mstari mzima upande wa pili, uani, hatua chache tu kutoka kamba ya kuanikia nguo. Kiooni lilikuwa bado katikati ya shamba.

Dereva alizima injini, akashuka, akaja jikoni kunipa ufunguo.

"Mpe bosi," alininong'oneza. "Mimi siliendeshi tena. Hili linamfuata mtu."

"Nani?"

Alitazama upande wa shamba. Alichukua koti lake akaondoka kwa miguu, na bosi akamtukana mpaka alipopotea barabarani, mtu wa zamani, mwoga, asiyejua maendeleo.

Jioni kabla jua halijazama nilikaa na mdogo wangu. Nilikuwa naogopa na sikutaka aone. Yeye alikuwa ametulia, jambo lililonitisha zaidi.

"Anakuja kumwona mtoto," alisema. "Si aliahidi?"

"Mtoto hajazaliwa."

"Amekaribia." Alishusha sauti. "Tatizo si yeye, dada. Yeye angekuja taratibu, angemwona, angerudi zake. Tatizo ni kile alichofungwa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mama Kamba alikuwa anatembea kuelekea dirisha lile. Na yule zumbukuku, kwa kuogopa kununua mifuko michache ya saruji, alikuwa amemfungia trekta. Kila hatua aliyopiga mama, chuma kile kilipiga hatua ileile. Na mwisho wa safari yake palikuwa na kitanda, na kitandani mdogo wangu, na tumboni mwake yule mmoja aliyebaki.

Nilimwendea mume wake. Nilimwomba, mimi nisiyemwombaga mtu. Bolti nne tu, nikamwambia, kazi ya spana. Fungua, weka mlingoti wako popote pengine.

"Kesho nina wageni," alisema. "Wakulima wote wa huku wanakuja kuona trekta. Nikiung'oa leo, nitaonyesha nini?"

"Mkeo amelala upande ule."

"Shemeji, ile mashine haikosei. Wewe shona nguo."

Nilichukua spana mwenyewe kwenye sanduku la vifaa. Jua lilikuwa bado lipo, jekundu. Bamba lilikuwa limefika penye uzio uliovunjika. Nilipiga magoti, nikasema, "Mama, niwie radhi," nikaishika bolti ya kwanza. Haikuzunguka. Nikaegemea kwa uzito wangu wote. Haikuzunguka. Nikatulia kuvuta pumzi.

Chini ya zege nikasikia kitu.

Nilikijua. Nimekisikia miaka ile nilipokuja kumsaidia Mama Kamba kupanda. Ni sauti ya kamba ikivutwa mpaka ikaze.

Spana niliiacha palepale.

Wageni walifika asubuhi, wakapangwa kivulini kwenye banda la mashine, upande wa pili wa nyumba, ambako hawakuweza kuuona ua. Mimi nilikuwa nimepiga simu zahanati alfajiri nikiomba gari la wagonjwa, wakasema liko njiani. Niliingia chumbani na chai. Pazia lilikuwa wazi. Dirisha lilikuwa wazi. Mdogo wangu alikuwa ameketi, amechana nywele, amevaa gauni lake jipya.

"Usifunge," aliniambia.

Nje shuka zilikuwa zinapepea kwenye kamba. Moja haikupepea. Ilikuwa imejishika kwenye kitu, imekizunguka, imekibana. Mlingoti. Ulikuwa upande wa huku wa kamba ya nguo. Ningeweza kutoa mkono dirishani nikaugusa.

Nilitoka mbio hadi bandani. Sentimita Mbili alikuwa ameshapanda, amevaa shati jeupe, anawapungia watu.

"Zima!" nilimpigia kelele. "Zima hilo dude, mama yako yuko dirishani!"

Wageni walinitazama. Yeye alitabasamu, akawaambia, "Huyo ni shemeji yangu, ana hofu na teknolojia." Wakacheka. Akafunga mlango wa kioo, akabonyeza, akainua mikono yote miwili juu ili waone hashiki kitu.

Trekta likaondoka. Likazunguka banda likaingia uwanja wa nyuma. Likajipanga.

Nilirudi mbio. Sikubishana na mdogo wangu. Nilishika godoro kwa pembe zake, nikalivuta na yeye juu yake, likadondoka sakafuni, nikaliburuta hadi ukumbini. Alikuwa analia. "Mwache aingie, dada. Mwache aingie." Nilikuwa nimefika mlango wa mbele niliposikia sakafu inatetemeka.

Niligeuka. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na kupitia chumba niliona dirisha, na kupitia dirisha nilimwona shemeji. Alikuwa juu ya kiti chake. Mikono juu. Hakutazama mbele. Alikuwa anatazama kioo, na anacheka.

Ukuta ukaingia ndani.

Haukuwa mwendo wa kasi. Hilo ndilo ninaloota. Ulikuwa mwendo wa kupanda, wa taratibu, wa kazi. Matofali yakaanguka, kabati likalala, gurudumu likapita. Nyuma yake mashine ya kupandia ikaingia nayo chumbani, na juu ya sakafu ya saruji nikasikia mbegu zikidondoka. Tik. Tik. Tik. Kwa nafasi sawa.

Halafu likazimika lenyewe.

Vumbi liliposhuka niliingia. Bamba la zege lilikuwa chumbani, ubavuni mwa kitanda, limekaa ndani ya sakafu kana kwamba nyumba ilijengwa kulizunguka. Mlingoti ulikuwa umetoboa dari. Hakuna aliyeliona likiingia. Kitanda kilikuwa kimesimama vilevile, hakina mkwaruzo, na mtoto angekuwa pale asingeguswa. Baadaye yule kijana wa kampuni alipima kutoka alama ya gurudumu hadi mguu wa kitanda. Alinionyesha tu utepe, nikasoma mwenyewe. Nanyi mnajua nilisoma nini.

Shemeji alikuwa hai, hana hata jeraha. Walimteremsha wanaume wanne. Mikono yake ilikuwa bado juu na haikushuka, hata walipoivuta. Macho yake yalikuwa yanakwenda kushoto na kurudi kulia, taratibu, kushoto na kulia.

"Sawa," alikuwa anasema. "Sawa. Sawa."

Wageni waliondoka bila kuaga.

Mtoto alizaliwa siku hiyo hiyo zahanati. Wa kike, mzima, mwenye sauti. Tulikaa pale hadi waliporuhusiwa, kisha nikawachukua mama na mwana nikaja nao kwangu mjini, mbali na shamba lile. Sentimita Mbili alichukuliwa na dada yake. Kabla hatujaondoka, vijana wa kampuni walirudi shambani kuchukua mali yao, nami nikiwapo, na bolti zile nilizoshindwa kuzizungusha zilitoka kwa vidole. Dereva na wenzake walilibeba bamba, wakalirudisha kilimani, wakaweka na maua. Nikajua yamekwisha.

Mtoto amelala chumba ninachoshonea, kwenye kitanda kidogo karibu na ukuta. Ana tabia moja. Mchana akiamka halii. Anatazama pembeni, upande mmoja uleule, na anacheka kwa kicheko cha mtu anayechezeshwa.

Wiki iliyopita nilikuwa nafagia. Nikavuta mkeka ulio ubavuni mwa kitanda chake. Sakafuni palikuwa na matundu manne, safi, yamepangwa mraba, na unga mweupe wa saruji kando yake, kama yametobolewa asubuhi ileile. Niliweka kiganja. Palikuwa na joto.

Nilimwita mdogo wangu. Alitazama, akatabasamu, akarudisha mkeka.

"Si alisema asifungiwe mlango," alisema, akaenda zake kufua.

Nawaambia ukweli, sikuogopa sana. Bibi kuja kumwona mjukuu wake ni haki yake, tena huyu alikuja mikono mitupu, bila trekta. Nilizoea. Nikawa hata namwamkia ninapoingia kushona.

Leo mchana wifi yake mdogo wangu, dada wa Sentimita Mbili, amenipigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Anasema kaka yake ameanza kutembea. Tangu wiki iliyopita. Anatembea uani mwake, mikono juu, kwa mstari ulionyooka, akifika mwisho anageuka, anarudi. Kutwa nzima. Na kila siku mistari yake inasogea kidogo upande mmoja. Amemaliza bustani ya maua. Leo asubuhi amepita katikati ya uzio, ngozi imebaki kwenye waya, na hajapunguza mwendo.

"Anaelekea upande gani?" nilimuuliza.

Nikamsikia akifungua dirisha.

"Upande wenu," akasema.

Nimekata simu nikakaa na mkasi mkononi, nikitazama ule mkeka. Mlingoti uling'olewa, bolti zilitoka, wote tuliona. Lakini yule mpumbavu hakuwahi kukubali kwamba kitu kimefunguliwa mpaka akione kwenye kioo, na kioo hana tena.

Mtoto amelala. Kitanda chake kiko ubavuni mwa matundu manne, na mwenyewe anacheka usingizini. Sikukisogeza. Nimesogeza changu, kitoke kwenye mstari wake.